Umeme kwanza, gita baadaye: bendi ya roki njiani kati ya Tabora na Kigoma

(Hotuba kwa bendi za vijana, Tabora mjini)

Ndugu Afisa Utamaduni, wazee wetu wa muziki, viongozi wa bendi, na ninyi vijana mliokuja na magita mgongoni: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo zetu. Itifaki izingatiwe, maana ukumbi tumepewa mpaka saa saba tu.

Tumeombwa tuzungumzie maisha ya bendi ya roki ikiwa safarini, na wengi wenu mnasubiri tuanze na jukwaa. Jukwaani mtakaa saa moja na nusu, mkikazana saa mbili. Saa ishirini na mbili zinazobaki ni mizigo, umeme, kula, kulala na kusubiri. Kinachoharibika jukwaani, mara nyingi kiliharibika ndani ya hizo ishirini na mbili, na mwenye kosa hakuwa mpiga gita.

Mji huu si mgeni wa mambo haya. Bendi za dansi za Kiko Kids na Tabora Jazz zilitoka hapa, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ikaingia Kigoma mwaka 1914 bado inabeba vyombo vya watu. Ila bendi ya dansi inasafiri na watu kumi na kitu. Ninyi wa roki mko wanne au watano, kwa hiyo mikono ya kubeba ni michache, na vyombo vyenu havina huruma: amplifaya ya gita yenye vali, vile vichupa vya kioo vya kukuza sauti, pamoja na kabati lake la spika nne inaweza kufika kilo 60. Anayetaka sauti ile akubali na mgongo wake.

Tuanze kabla ya safari, kwenye karatasi mnayompelekea promota. Bendi ya Marekani iitwayo Van Halen, kwenye ziara yao ya mwaka 1982, iliandika katika mkataba kwamba nyuma ya jukwaa wawekewe bakuli la peremende za M&M's, lakini za kahawia zote ziondolewe. Watu wakasema ni majivuno ya matajiri. Mwimbaji wao, David Lee Roth, alikuja kueleza kwamba kifungu kile kilikuwa mtego: akikuta za kahawia bakulini, anajua mkataba haukusomwa, basi wanarudi kukagua umeme na uimara wa jukwaa upya. Ninyi msidai peremende. Mwambieni promota awatumie picha mbili kwa simu, moja ya swichi kuu ya ukumbi na nyingine ya mita ya LUKU ikionyesha namba yake. Asipotuma ndani ya siku tatu, mmeshamjua ni mtu wa namna gani. Akituma, mmepata faida ya pili: kwa ile namba ya mita mnaweza kununua umeme wenyewe mkiwa bado Urambo. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Bendi inayotumia kilowati tatu kwa saa tano, pamoja na kujaribu sauti, inakula uniti kumi na tano. Mita ikiwa na uniti sita, wimbo wa mwisho mtaumaliza kwa kupiga makofi.

Sasa umeme wenyewe. Hapa tutakaa, na anayetaka kwenda kunywa chai asiende sasa.

Mkifika ukumbini, kitu cha kwanza kushuka garini si ngoma wala spika. Ni boksi la umeme: mita ya kupimia, testa, bisibisi, fyuzi za ampea 13 na za ampea 5, tepu nyeusi, na ekstensheni zenu wenyewe. Msitumie ekstensheni ya ukumbi, maana hamjui nani alirudisha waya gani wapi. Weka mita kwenye volti za AC, kisha pima soketi mliyopewa ikiwa tupu. Moto na nyutro isome kati ya 220 na 240. Moto na eathi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, isome karibu namba ileile. Nyutro na eathi isizidi volti mbili au tatu. Kipimo cha pili kikisoma sifuri, au namba inayoelea bila kutulia, basi eathi haipo, hata kama soketi ina matundu matatu na imepakwa rangi jana. Soketi nyingi za kumbi ziko hivyo; lile tundu la tatu halijaunganishwa na kitu chochote ukutani.

Mkikuta moto na nyutro inasoma 300 na kitu, toeni mikono, zimeni swichi kuu, aitwe fundi umeme mwenye leseni. Hiyo ni dalili ya nyutro kukatika kwenye laini ya fezi tatu. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400, na nyutro isipokuwepo, zile volti zinagawanyika ovyo kati ya vitu vilivyochomekwa: friji ya baa inapata chache, mikisa yenu, ile mashine ya kuchanganya sauti, inapata nyingi. Mikisa haitoi onyo. Inatoa moshi.

Kuna habari inabidi mwimbaji na mpiga gita waisikie wote wawili. Mwaka 1972, mjini Swansea huko Wales, mpiga gita Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maiki ambayo eathi yake haikuwa sawa, akafia jukwaani. Inavyotokea ni hivi. Nyuzi za gita zimeunganishwa na eathi ya amplifaya kupitia waya wa ndani ya gita. Kichwa cha chuma cha maiki kimeunganishwa na eathi ya mikisa. Vifaa hivyo viwili vikichomekwa sehemu mbili tofauti, na kimoja kina hitilafu na hakina eathi, basi katikati ya nyuzi na maiki kuna umeme unaosubiri njia. Njia ni mkono wako wa kushoto, kifua, na mdomo.

Kwa hiyo kila jioni, kabla mtu hajaimba, fanyeni hivi. Washa kila kitu. Waya mmoja wa mita ugusishe nyuzi za gita, wa pili ugusishe wavu wa chuma wa maiki. Ikisoma chini ya volti mbili, endeleeni. Ikisoma sitini, au mia, hakuna kuimba mpaka kijulikane ni kifaa gani. Kipimo hiki kinachukua sekunde kumi, na mwimbaji akifanye kwa mkono wake, kwa sababu mdomo ni wake.

Mnguruma nao. Gita likichomekwa linatoa ule mlio mzito usiokoma, ule wa hezi 50, na kuna fundi atakuja kuwaambia ukate waya wa eathi kwenye plagi utapotea. Kweli utapotea. Na mmejitengenezea Swansea yenu. Dawa yake ni vifaa vyote vya jukwaani, amplifaya, kinanda, pedali na mikisa, vitoke kwenye laini moja na soketi moja, halafu taa zipate laini yake peke yake. Mnguruma ukibaki kati ya amplifaya ya besi na mikisa, tumieni DI boksi, kiboksi kinachokaa kati ya chombo na mikisa. Ina kiswichi kidogo cha kutenga eathi kwenye waya wa sauti. Tumesema waya wa sauti. Waya wa umeme hauguswi.

Halafu vinanda na amplifaya za mitumba. Vingi vya kutoka Japani vimetengenezwa kwa volti 100, na vya Marekani kwa volti 120. Ukichomeka moja kwa moja kwenye 230, kinanda kinawaka taa, kinanuka, kimekwisha. Geuza chombo, soma kibandiko cha nyuma, kisha andika volti kwa kalamu nene upande wa mbele, ili hata msaidizi mliyempata saa moja iliyopita aone. Transforma ya kushusha iwe na nguvu mara mbili ya kinachoandikwa kwenye kibandiko, na isifichwe chini ya turubai, inapata joto.

Kigoma imeingia kwenye gridi ya taifa mwaka 2022, lakini bado mtapiga sehemu ambazo umeme ni jenereta, hasa viwanja vya wazi vya Kasulu, Uvinza na vijijini. Jenereta ya kVA 10 si kilowati 10. Hesabu nane, na katika hizo nane tumieni tano na nusu au sita tu. Mpiga dramu akikanyaga ngoma kubwa, spika za besi zinavuta umeme kwa mkupuo, na jenereta iliyojaa inayumba: taa zinakonyeza kwa kila pigo, kinanda kinajizima na kuwaka upya katikati ya wimbo. Ya dizeli ya kVA 10 hula kama lita mbili hadi tatu kwa saa, kutegemea mzigo. Kwa usiku wa saa sita nendeni na lita 25, na mafuta yasiongezwe ikiwa inanguruma. Iwekwe mita 30 kutoka jukwaani, upande ambao upepo hauleti moshi kwa watu. Nondo ya shaba ya mita moja na nusu ipigwe chini kwa ajili ya eathi. Mchanga wetu wa Tabora mwezi wa tisa ni mkavu kabisa, kwa hiyo mwageni ndoo ya maji kuzunguka ile nondo, na mrudie jioni.

Waya wa kutoka jenereta hadi jukwaani usiwe mwembamba. Kwa mita 50 na ampea 15, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unapoteza volti kumi na moja hivi, wa 1.5 unapoteza kumi na nane. Ukianza na 225 dhaifu, mnapiga kwa 207, na amplifaya ya vali inakosa meno. Na waya ulioviringishwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote, hata kama mnahitaji mita kumi. Ukiviringishwa na ukabeba mzigo, joto halina pa kutokea, plastiki inayeyuka ndani ambako hamuoni.

Kuwasha: mikisa kwanza, amplifaya za gita, spika mwisho. Kuzima: spika kwanza. Atakayegeuza mpangilio huo mtamsikia, na mji mzima utamsikia.

Tuingie kwenye gari. Bendi ya watu watano yenye vyombo vyake kamili inaenea kwenye Coaster iliyotolewa viti vya nyuma, au kwenye Canter huku watu wakipanda basi. Mkikodi gari lenye uzito wa kuanzia tani 3.5, jueni kuna kupima mizani barabarani, hivyo wekeni muda wa foleni. Vizito chini, na vikae mbele ya ekseli ya nyuma. Ukivirundika mkiani, usukani unakuwa mwepesi na dereva atawaambia mapema kuliko trafiki. Kabati la spika lisafiri likiwa limesimama, uso wake ukitazama ubavu wa gari, usitazame stendi za ngoma. Stendi ya saimbali ikichomoka kwenye begi lake inatoboa karatasi ya spika kwenye tuta la kwanza tu.

Kila boksi lipigwe namba kwa rangi, pande mbili. Orodha ibandikwe ndani ya mfuniko wa boksi namba 1. Na wakati wa kupakia, mtu mmoja asimame mlangoni asibebe kitu. Anahesabu. Najua atasemwa kuwa ni mvivu, mwacheni asemwe. Vyombo vinapotea saa nane usiku wakati wa kupakia, kila mtu akidhani mwenzake amechukua kanyagio la dramu, na kanyagio lipo nyuma ya pazia.

Mkienda kwa treni, ulizieni stesheni siku yenyewe ya treni, msitegemee ratiba ya mwaka jana. Mizigo mikubwa inapimwa na kukatiwa risiti, inaingia behewa la mizigo. Hapa Tabora ndipo treni inapogawanywa, mabehewa ya Kigoma, ya Mwanza na ya Mpanda kila moja na njia yake, na wakati wa kuunganisha mabehewa kuna mgongano ambao unaangusha kitu chochote kilichosimama bila kufungwa. Vali za amplifaya ni kioo. Zichomolewe, zifungwe moja moja kwenye soksi, zisafiri na ninyi kwenye begi la mkononi. Kabla ya kuzichomoa, amplifaya ipoe kabisa, na tundu la kila vali lijulikane, kwa sababu zinafanana na hazifanyi kazi moja. Mfuniko wa chuma wa ndani msiufungue. Kapasita zake zinashika volti mia kadhaa hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Vumbi la njiani linaua mikisa polepole. Slaida zinaanza kukwaruza: ukipandisha sauti unasikia kama mtu anakanyaga majani makavu. Funikeni kwa khanga safi kwanza, kisha mfuko wa nailoni, kisha boksi. Nailoni peke yake inashika unyevunyevu, na mkiteremka Kigoma unyevunyevu upo. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mita 770 na kitu, na hewa yake si hii ya kwetu. Gita lililotoka kiangazi cha huku likae ndani ya begi lake nusu saa baada ya kufika, ndipo lifunguliwe, ndipo litiwe sauti. Mkilitia sauti garini ni kazi bure.

Sasa waya wa gita. Tuangalie huu hapa. Vijana wengi wanakunja kwa kuzungusha kwenye kiganja na kiwiko, haraka haraka, kwa sababu watu wanaangalia. Kila mzunguko wa namna hiyo unausokota waya upande mmoja, na nyuzi za shaba za ndani zinakatika kidogokidogo karibu na jeki, ile ncha ya chuma ya kuchomeka. Shika ncha kwa mkono wa kushoto. Mzunguko wa kwanza ulaze kawaida. Wa pili, geuza kifundo cha mkono wa kulia ndani ili waya upite chini ya ule wa kwanza. Wa tatu kawaida, wa nne chini. Ukimaliza, tupa ncha moja sakafuni: waya unafunguka wenyewe mpaka mwisho bila fundo. Ukikuta waya unakatakata sauti, fungua jeki kwa mkono, hauhitaji bisibisi. Ndani kuna waya wa katikati umelehemiwa kwenye kidole kifupi, na wavu wa nje kwenye kidole kirefu. Tafuta unywele mmoja wa ule wavu uliojipinda ukagusa katikati. Ukiutoa huo, waya umepona. Kama si huo, kata sentimita tatu, menya, lehemu upya, na kile kibano cha nyuma kibane plastiki ya waya, kisibane shaba.

Kujaribu sauti kuanze saa kumi jioni, na mpangilio ni uleule kila mji: ngoma kubwa, sneya, dramu zote, besi, gita, kinanda, sauti za watu, kisha wimbo mzima wenye makelele kuliko zote. Kumbi zetu nyingi ni saruji na bati. Saruji inarudisha gita usoni kwa mwimbaji, maiki inapiga mluzi, fundi mitambo analaumiwa. Shusheni gita. Mpiga gita anapandisha sauti kwa sababu sauti ya spika yake inaishia magotini; iwekeni juu ya kreti tupu la soda, iinamishwe nyuma kidogo, imwelekee sikioni, na mtaona anaishusha mwenyewe bila ugomvi. Ukumbi ukijaa, watu wanameza sauti kali za juu, kwa hiyo saundi inayosikika kali kidogo jioni huwa sawa saa nne usiku. Mvua ikishuka juu ya bati, acheni kupiga. Hakuna spika ya kushindana nayo. Na Kigoma kwenye viwanja vya karibu na ziwa, upepo unakuja: bango la nyuma ya jukwaa litobolewe matundu, na kila stendi ya spika iwekewe mfuko wa mchanga wa kilo 20 mguuni.

Masikio. Kipimo kinachotumika sana kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo mpiga dramu wa roki anazifikia bila jasho, ni dakika 15. Vizibo vya sponji vya masikio vinauzwa bei ndogo. Pamba haisaidii kitu.

Kuhusu kula na kulala hatutasema mengi, mna wazazi. Kuleni saa kumi na mbili jioni, msingoje baada ya onyesho. Mgebuka wa Kigoma na ugali wa muhogo ni chakula cha heshima lakini si cha nusu saa kabla ya kuimba. Gesti iangaliwe chandarua kwanza, televisheni baadaye, kwa sababu mpiga besi mwenye malaria hana wa kukaimu nafasi yake.

Fedha: mkataba uliozoeleka ni baa ichukue vinywaji, bendi ichukue mlango. Tiketi ziwe na namba, mwandike namba ya kwanza kabla mlango haujafunguliwa, na mlangoni akae mtu wa bendi pamoja na mtu wa baa, wote wawili. Posho ya siku ilipwe asubuhi, kabla ya safari. Mtu mwenye njaa hapakii vizuri. Vibali navyo, vya sanaa na vya halmashauri, viwe na nakala kwenye gari, maana ofisi haziko wazi saa tano usiku mkiulizwa.

Dereva. Toka hapa mpaka Kigoma kwa barabara ya Urambo, Kaliua, Malagarasi na Uvinza ni zaidi ya kilomita 400. Dereva habebi spika, hakai ukumbini, hanunuliwi bia. Saa mbili usiku awe amelala, na bendi ikimaliza saa nane isimwamshe; lindeni vyombo wenyewe kwa zamu, muondoke alfajiri. Kiongozi wa bendi atakayeona anaokoa pesa ya gesti kwa kusafiri usiku anahesabu vibaya.

Basi tutoke nje. Gari liko chini ya mwembe, maboksi kumi na mawili yako chini kwa mpangilio mbaya makusudi. Tunataka watu sita wa kupakia na mmoja wa kuhesabu. Aliyevaa ndala asiguse kabati la spika.